Mzigo Mkavu Katika Mvua ya Mlimani

Kila mwaka shule zifungwapo mwezi wa Desemba, vijana wengi wa vijiji vyetu huenda kwenye malango ya hifadhi kutafuta kazi ya kubeba mizigo ya wageni wapandao mlima. Mama humfungia mwanawe ndizi za kuchoma, humpa na sweta, akamwambia aende salama. Kijana hutia vitu vyake katika mfuko, akaenda zake. Kwa habari ya mvua hakuna asemaye neno, maana sisi tumezaliwa katika mvua, na mtu hakiogopi kitu alichokua nacho.

Walakini mvua ya nyumbani na mvua ya mlimani si mvua moja. Hapa nyumbani mtu akilowa huingia jikoni akaota moto, nguo zake hutundikwa juu ya mafiga, na jioni amekwisha kusahau. Kule juu hapana mafiga. Kukata kuni ndani ya hifadhi kumekatazwa, na wapishi hupikia gesi, wala gesi hiyo si ya kukaushia soksi. Nguo iliyolowa saa nne asubuhi italala imelowa, na katika kambi za juu huenda ikaamka imekakamaa kama ubao kwa sababu ya barafu.

Mimi ni katekista, si mwongoza wageni. Lakini kabla sijaingia chuo nalibeba mizigo katika mlima huo kwa misimu minne, nipate karo. Na tangu nilipopewa kazi hii nimewapandisha vijana wa parokia yetu mara nyingi hata vibanda vya Mandara, na mara chache hata Horombo. Kwa hiyo haya niandikayo si ya kusikia tu. Tena naona walimu wenzangu wengi huwapeleka watoto matembezi ya mlimani bila kuwaambia lo lote ila wabebe chakula cha kutosha. Chakula ni chema, lakini mtoto mwenye njaa na nguo kavu atafika nyumbani. Mwenye shibe na nguo zilizolowa, sina hakika naye.

Yafaa tujue kwanza mvua hiyo ikaa wapi. Msafiri wa njia ya Marangu huanza kupanda karibu meta 1,900 juu ya bahari, na mara aingiapo langoni yumo ndani ya msitu. Msitu huo humfuata hata karibu na Mandara, kwenye meta 2,700. Sasa, upande huu wetu wa kusini mvua hunyesha kwa wingi katika ukanda wa msitu kuliko po pote pengine mlimani: huko karibu na meta 2,200 hushuka zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, na mjini Moshi haifiki hata nusu ya hiyo. Ukipita msitu mvua hupungua, na juu kabisa, kwenye Kibo, nchi ni kavu kama jangwa. Maana yake ni hii: siku ya kwanza ya safari ndiyo siku ya maji, na siku zifuatazo ndizo siku za baridi. Msafiri hulowa mahali ambapo kulowa hakumdhuru sana, kisha huyachukua maji yale mgongoni mwake akapanda nayo mpaka mahali ambapo yatamdhuru. Nalipoyafahamu haya nalielewa kwa nini wapagazi wazee huitazama siku ya kwanza kwa hofu kuliko siku ya kilele, ingawa wageni hufikiri kinyume chake.

Hewa nayo hupoa kadiri upandavyo, kama digrii sita kwa kila meta 1,000. Basi ikiwa Moshi ni digrii 25 mchana, hesabu mwenyewe mwalimu, uone Horombo, kwenye meta 3,720, itakuwaje mchana huo huo. Nawe ujue kwamba usiku bado. Juu ya hayo, maji huuondoa moto wa mwili upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Nguo ikiwa kavu hushika hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa hiyo ndiyo itupayo joto. Ikilowa, mahali pa hewa pamekaliwa na maji, na nguo iliyokuwa blanketi imekuwa mfereji wa kuutolea moto nje. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote: hunywa maji mengi, hushikamana na ngozi, na haikauki upesi. Jinzi ambazo vijana wetu huzipenda sana ni pamba tupu. Sufu ni afadhali, maana hata ikilowa husaza joto kidogo. Na zile sweta laini za polista, ambazo hukamulika na kukauka upesi, hupatikana kwa bei ya chini katika soko la mitumba la Memorial mjini Moshi. Nimekwisha kuwaambia vijana wangu: fulana ya pamba iwe ya kanisani, si ya mlimani.

Labda mtu ataniambia, Kwani babu zetu walikuwa na nini? Walikuwa na jani la mgomba. Nami sicheki jani hilo. Nimelitumia siku nyingi nikienda vigangoni, na kwa mwendo wa nusu saa halina mshindani, tena halina bei. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, naye alisafiri na mwavuli wake, na waandishi wameukumbuka mwavuli ule mpaka leo. Huko Ulaya watu walikuwa wamepata koti la mpira tangu mwaka wa 1823, wakati Mskoti mmoja, Charles Macintosh, alipopata hati ya kutia mpira katikati ya nguo mbili. Koti hilo lilizuia mvua sawasawa, lakini lilizuia na jasho pia, hata mwenye kulivaa akapanda kilima alikuwa akilowa kutoka ndani. Mwaka wa 1969 Robert Gore wa Marekani akagundua namna ya kuivuta plastiki fulani hata ikawa na vitundu vidogo mno, visivyopitisha tone la maji, bali hupitisha mvuke wa jasho. Kwa utando huo ndipo yalipotokea makoti ya Gore-Tex waliyo nayo wageni wengi.

Nimeyataja haya yote kwa sababu yote, tangu jani la mgomba hata koti la Gore-Tex, yana jambo moja: ni vifuniko vya nje. Na kosa la watu wengi, wageni na wenyeji, ni kuweka tumaini lao lote katika kifuniko cha nje. Koti zuri likichakaa uso wake hauyakatai maji tena. Utaona matone hayaviringiki, bali hunywewa na kitambaa, na hapo mvuke nao haupati njia. Kifuniko cha shanta hufunika mgongo wa shanta tu, wala hakifuniki upande ule unaogusa mgongo wa mtu. Na maji ya mvua hushuka shingoni, yakapita katikati ya mabega, yakaingia humo bila kubisha hodi. Upepo ukivuma hukipeperusha kifuniko. Tena nimeona mara nyingi kifuniko kizima kisichotoboka kimejaa maji chini kama karai, na shanta limekaa ndani yake likiyanywa. Kwa hiyo mimi hutoboa kitundu kidogo chini ya kifuniko changu. Watu hunishangaa.

Ukavu hulindwa kutoka ndani. Kila kitu ambacho lazima kiwe kavu kiwe katika mfuko wake kisiopitisha maji, na mfuko huo uwe ndani ya shanta, kisha shanta lifunikwe ukipenda. Hapo shanta lenyewe likilowa huna hasara ila uzito. Wageni wengi huja na mifuko iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambayo mdomo wake hukunjwa mara tatu ndipo ufungwe kwa kishikizo. Zamani wapagazi walitumia mifuko ya plastiki ya dukani, miwili mitatu pamoja. Lakini mifuko hiyo ya kubebea imekatazwa katika Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, nami sisikitiki, kwa sababu tuliiona imetapakaa kando ya njia na katika mito. Imetubidi kutafuta vitu vingine, na vipo.

Hapo napenda kuwaeleza neno moja lililotokea katika msimu wangu wa pili wa kubeba.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua ya vuli imekolea, nasi tulipanda kwa njia ya Machame, ambayo haina vibanda bali mahema. Mwenye safari, ambaye sitamtaja, alikuwa ameitayarisha mizigo ya wageni vizuri sana: kila mzigo ndani ya mifuko miwili, na turubali juu yake. Sisi wapagazi hatukupewa kitu. Kila mmoja alifunga vyake alivyoweza juu ya mzigo wa mgeni, na mvua ilitunyeshea tangu langoni hata kambi ya kwanza, karibu na meta 3,000, kwa muda wa saa sita. Mizigo ya wageni ilifika mikavu. Nakumbuka nalifungua mmoja, nikaona karatasi za kitabu cha mgeni zimekauka hata zinalia zikifunuliwa.

Katika hema letu tulikuwa wanane. Kijana mmoja wa rika langu alikuwa na sweta moja na blanketi moja, vyote viwili katika kiroba kilichofungwa mdomo kwa kamba. Kiroba hupitisha maji kama kikapu. Alikamua blanketi, akajifunika hivyo hivyo, akatetemeka. Tulimcheka kidogo, maana wote tulitetemeka. Baada ya saa moja hivi akanyamaza, akaacha kutetemeka, tukadhani amepata joto. Lakini mzee mmoja aliyekuwa nasi, aliyebeba mizigo miaka mingi, akamwuliza, "Mwanangu, jina la mama yako nani?" Kijana akajibu maneno yasiyoeleweka, ulimi mzito kama wa mlevi. Yule mzee akainuka upesi akasema, "Mvueni zote. Asibaki hata na uzi."

Tukamvua. Mzee akafungua kifurushi chake, nacho kilikuwa kikavu kama unga. Alikuwa amekifunga katika mfuko ule wa plastiki ngumu uliomo ndani ya gunia la mbolea, ameuosha mara nyingi hata hauna harufu, na mdomo wake ameusokota, ameukunja, ameufunga kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake mlikuwa na blanketi, sweta, suruali na soksi. Tukamvika kijana vyote vile, tukamlaza katikati ya watu wawili, kifua kwa mgongo. Mmoja wetu alitaka kumsugua mikono na miguu, mzee akamkataza, akasema joto lianze kifuani. Mwingine akanong'ona habari za konyagi. Naye akakatazwa vikali zaidi. Aliporudiwa na fahamu hata akaweza kushika kikombe mwenyewe, akapewa chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Asubuhi alisema vizuri, akateremshwa na wenzake wawili. Yu hai, ana mke na watoto, na analima kahawa.

Mzee yule alikesha amevaa nguo zilizolowa za kijana. Nilimwuliza asubuhi, "Mzee, hukuona baridi?" Akanijibu, "Naliiona sana. Lakini mimi nalijua jina la mama yangu."

Tangu siku ile nimejua kwamba baridi haiui kwa kutetemesha. Kutetemeka ni mwili unajitetea. Hatari iko pale mtu anapoacha kutetemeka naye bado hajapata joto, anapojikwaa bila sababu, anaposhindwa kufunga kifungo, anaposema maneno yasiyofuatana. Walimu mnaopandisha watoto, yashikeni haya kuliko majina ya vilele. Mtoto wa namna hiyo haambiwi ajikaze. Huvuliwa, hukaushwa, huvikwa, hulazwa pamoja na watu wenye joto, na hushushwa.

Sasa kwa habari ya kufunga. Kwanza toa hewa: bonyeza mfuko kwa goti, ukiuona umelala, ndipo usokote mdomo wake kama kamba, uukunje mara mbili, uufunge juu ya mkunjo. Fundo la kawaida halizuii maji, maana maji hupita katikati ya mikunjo, bali mdomo uliosokotwa na kukunjwa huwa kama shingo ya bata iliyoinama, hayapandi humo. Chini ya shanta uwekwe mfuko wa kulalia, nao uwe na mfuko wake peke yake. Kama umetengenezwa kwa manyoya ya bata, uutunze zaidi, kwa kuwa manyoya yakilowa hushikana madonge na hayana joto hata kidogo. Juu yake nguo za usiku katika mfuko wa pili. Chakula na vitu vingine katika wa tatu. Koti la mvua lisifungwe po pote; liwe juu kabisa, ulipate kwa mkono mmoja, maana mvua ya msitu haitoi taarifa. Nimeona watu wamefungua mizigo yao yote katikati ya mvua wakitafuta koti chini, na walipolipata hapakuwa na kitu kikavu cha kulindwa. Kibiriti kitiwe katika chupa ndogo yenye kifuniko cha kusokota. Hema lililolowa lisitiwe kamwe ndani pamoja na vitu vikavu. Lifungwe nje, lipate kudondosha maji yake njiani.

Na kuna uzito. Langoni mizigo hupimwa kwa mzani, na mzigo wa safari alio nao mpagazi usizidi kilo 20. Sheria hiyo ni njema. Lakini mzani hupima asubuhi, mzigo ukiwa mkavu, nayo mvua haina mzani. Turubai za hema, kamba, godoro, nguo, vyote hunywa. Mwenye kufika kambini jioni amebeba maji ambayo hakuna aliyeyaandika katika daftari wala kumlipa. Kwa hiyo mwenye safari awapaye wapagazi wake mifuko isiyopitisha maji hawapi zawadi tu. Anawapunguzia na kilo. Mjini Moshi liko shirika la kuwasaidia wapagazi, lililoanzishwa mwaka wa 2003, ambalo miongoni mwa kazi zake huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Kijana asiye na koti asione haya kwenda kuuliza kabla hajapanda.

Jambo gumu kuliko yote si kufunga, bali ni nguo za usiku. Kila msafiri awe na nguo za namna mbili: za kutembelea, ambazo zitalowa, na za kulalia, ambazo hazitalowa kamwe. Afikapo kambini avue za kutembelea, azikamue, avae kavu. Hayo kila mtu huyakubali. Lakini asubuhi, mvua ikiwa bado yanyesha, inampasa avue zile kavu zenye joto, azirudishe mfukoni, avae tena zile za jana, baridi, zimelowa. Hapo ndipo vijana hunililia. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hii ni adhabu ya nini?" Nikamwambia si adhabu, ukitembea dakika kumi nguo mbichi hupata moto wa mwili wako, lakini ukizilowesha zile kavu leo, kesho huna za kulalia wala za kutembelea. Alizivaa akinuna. Kwa kweli sijaona njia nyingine, nami kila mara nizivaapo husema neno ambalo si la kuandikwa katika gazeti hili.

Soksi na fulana ndogo huweza kukaushwa na mwili wenyewe: zikamue sana, uzilaze tumboni juu ya shati usiku, asubuhi zitakuwa karibu kukauka. Usifanye hivyo kwa kitu kikubwa, maana moto wa mwili si wa bure. Viatu vijazwe karatasi za gazeti, zibadilishwe kabla ya kulala, na hizo za kwanza zisitupwe ovyo bali zirudi nyumbani na mtu. Ukiisha kurudi, viatu visiwekwe karibu na moto, kwa kuwa ngozi hupasuka na gundi huachia; viwekwe mahali pa upepo, kivulini.

Katika hema kuna maji mengine ambayo hayatoki mbinguni. Watu wanane wakilala hema limefungwa kabisa, pumzi zao hugeuka matone juu ya kitambaa, na asubuhi huwanyeshea humo humo ndani. Acheni mlango wazi kidogo juu, hata kama kuna baridi. Wala msiegemeze kitu kwenye ukuta wa hema, kwa sababu mahali pale pa kuguswa ndipo maji huingilia. Hayo ni machache, nayo hujulikana.

Mama mmoja aliposikia nikizungumza habari hizi baada ya mafundisho aliniuliza, "Mwalimu, mfuko huo wa wageni ni bei gani?" Nikamwambia bei yake, akaondoka kichwa chini. Kwa ajili yake, na kwa wengine wenye kuuliza hivyo, naandika namna tunavyoshona wenyewe, nasi tumekwisha kushona kadha wa kadha.

Tafuteni kipande cha turubali jepesi la plastiki, lile la kuanikia kahawa na mahindi, ambalo halijatoboka. Lishikeni mbele ya jua. Mkiona nyota, halifai. Kateni upana wa meta moja na urefu wa meta moja na robo, mlikunje katikati kwa upana, mshone upande mmoja na chini. Mpelekeeni fundi cherehani, na mwambieni atumie sindano nyembamba, ashone mara mbili, mshono wa pili ukiukunja wa kwanza ndani. Fundi atasema yatosha mara moja, msikubali. Mshono ni matundu yaliyopangwa mstari, na kila tundu ni mlango. Ndipo mchukue mshumaa, mwusugue juu ya mshono ndani na nje hata nyuzi zisionekane, kisha mpitishe juu yake kijiko kilichopashwa moto kidogo, nta iyeyuke iingie. Kijiko kikiwa cha moto mno turubali litaungua, kwa hiyo jaribuni kwanza kwenye kipande kilichobaki. Juu, mdomoni, sazeni kama sentimeta 30 za kusokota na kukunja. Mpira wa baiskeli uliokatwa mwembamba hufunga vizuri kuliko kamba.

Kijana asiuchukue mfuko huo kabla haujajaribiwa. Mjazeni maji hata nusu, muutundike kwenye mti jioni, chini yake mmwage majivu. Asubuhi tazameni majivu yana matone wapi, tieni alama kwa mkaa kwenye mshono ulio juu yake, na usiku ule mpake nta tena hapo.